Mwiko wa Mama

Ugomvi wa arobaini ya mama ulianzia kwenye muhogo. Tulikuwa wanawake watano sita uani kwake, Msambweni, tumekaa mikekani tukimenya vitunguu na kupanga chakula cha watakaokuja kusoma khitma. Jirani yetu Bi Tima akasema wageni wa asubuhi wapikiwe muhogo wa nazi na chai ya tangawizi, kwani wali utangoja adhuhuri. Shauri zuri, la watu wazima. Lakini kaka yangu Hamisi alikuwa barazani na masikio yake, na kutoka huko huko akapaza sauti: "Nyumba hii haipikwi muhogo, Bi Tima. Ni mwiko wa ukoo wetu." Wanawake wakainamisha vichwa, kwa heshima, kama watu wanavyoinamisha vichwa wakisikia neno hilo. Mimi nilikuwa na kisu mkononi na machozi ya vitunguu usoni, na namshukuru Mungu aliyenipa akili ya kukiweka kisu chini kwanza. Tangu sijaota magego nalisikia neno hilo. Baba amekufa nalisikia, mama amekufa nalisikia, na sasa wajukuu wanafundishwa. Nikamwambia Hamisi, "Mwiko wa ukoo upi?" Akanijibu tusigombane mbele za watu. Katika familia yetu kila mahali ni mbele za watu.

Wakati wenyewe niliposikia swali hilo kwa mara ya kwanza, mwiko wa ukoo upi, nilikuwa msichana wa darasa la saba, na aliyeniuliza alikuwa shangazi yangu. Lakini kabla ya shangazi lazima niseme kuhusu jiko la mama, maana bila jiko hilo hayo mengine hayana maana. Lilikuwa jiko la makuti nyuma ya nyumba, lenye mafiga matatu, mbuzi ya kukunia nazi, na mwiko mmoja wa mti ulioliwa na sufuria upande mmoja hadi ukawa mshazari. Mama alikuwa mpishi hodari, hilo hata maadui zake walilikubali. Ila alikuwa na tabia moja iliyotutia aibu: alikula kwanza. Mama za wenzetu walipakua, wakagawa, wakahakikisha kila mtoto ameshiba, ndipo wakakwangua sufuria. Mama yetu alichota kwa ule mwiko, akajitilia kwenye bakuli, akala peke yake, nasi tumekaa mkekani tumeosha mikono tunamtazama. Akimaliza, hakutupa. Alikaa. Alitazama ukuta, alitazama kucha zake, alisikiliza tumbo lake kama mtu anayesikiliza hodi. Chakula kilipopoa hadi mchuzi ukaganda juu, ndipo akasema, "Haya, kuleni." Sikumbuki kula chakula cha moto nyumbani kwetu. Na watu si vipofu. Siku moja nilipita nyuma ya kisima nikasikia wanawake: "Mamake Hamisi ana roho ya fisi. Watoto wamkodolea macho na yeye atafuna." Niliona kwamba wanasema kweli. Nilimwona mama yangu mlafi, na kumwona mama yako mlafi ni jambo baya, kwa sababu unaanza kujiuliza kama anakupenda. Hilo ndilo nililotaka kujua mwaka ule, na sikuwa na pa kuuliza.

Baba alikuwa akifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Diani, akija nyumbani siku zake za mapumziko akinuka sabuni ya kigeni. Yeye ndiye aliyeamua niende Kikoneni kwa dada yake nikasome huko. Shule ya kwetu ilikuwa imejaa mpaka watoto wanakaa chini, na shangazi hakujaliwa mtoto. Niliyasikia mabishano yao kupitia pazia, nao wakidhani nimelala kwa usingizi wa mchana.

"Popote, lakini si Kikoneni," mama alisema.

"Kwa dadangu huko, si kwa adui."

"Nimekwambia si Kikoneni, Babake Hamisi."

"Basi sema sababu," baba akamwambia, nikamsikia mama akiinuka kwenda jikoni. Nilidhani mama ameshindwa kwa hoja. Sikujua kwamba baba aliijua sababu kuliko mtu yeyote, na kwamba alisema vile akiwa na hakika mama hatathubutu kuitamka. Siku ya kuondoka mama alinifungia mchele na papa mkavu ndani ya kikapu, akanishika mabega akaniusia: "Kwa shangazi yako ule wali. Ukikosekana wali, ule ugali. Ukikosekana ugali, lala." Hakunibusu, hakulia. Nikasema moyoni, angalau huko nitakula kwa zamu yangu.

Kikoneni ni bara, udongo mwekundu, mashamba kila upande, na upepo wa bahari haufiki. Nyumba ya shangazi ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi, na kila kona ilikuwa na kitu cha shamba: mahindi yamening'inizwa juu ya moshi, kunde kwenye gunia, majembe nyuma ya mlango. Jioni ya kwanza, jua bado liko juu ya miembe, aliweka sinia ukumbini. Muhogo wa nazi, umeiva hadi umepasuka, na juu yake tui zito na pilipili ya kukaanga. Harufu yake ilinifanya nimeze mate. Nikarudisha mkono nyuma, nikasema kwa adabu kama nilivyofundishwa, "Shangazi, nisamehe. Mimi muhogo sili. Ni mwiko wa ukoo wetu."

Mume wa shangazi, Mzee Rashidi, alicheka hadi akapaliwa. "Ukoo upi huo? Huyu shangazi yako si ukoo wenu? Babu yako, Mungu amrehemu, lau si sanda angezikwa na kipande cha muhogo mkononi!"

Shangazi hakucheka. "Mwiko wa ukoo upi?" aliniuliza, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Kisha akaonekana amekipata, na uso ukambadilika. "Mwache mtoto," akamwambia mumewe. "Mwache kabisa." Akainuka akanipikia wali wangu, na tangu siku hiyo jiko lake likawa la sufuria mbili. Nami sikuwa na raha tena. Baba alikuwa ametuambia mtu wa ukoo wetu akila muhogo hutokwa na mabaka mwili mzima. Sasa hapa kulikuwa na dada yake baba wa toka nitoke, anakula muhogo kila siku ya Mungu, na ngozi yake laini kuliko yangu. Nilivumilia majuma kadhaa. Halafu siku moja, shangazi yuko kisimani, nilifunua sufuria nikala vipande viwili vilivyobaki vya asubuhi. Nikakaa kizingitini nikijitazama mikono. Hakuna baka. Nilikaa mpaka shangazi akarudi, na kitu pekee kilichonitoka ni hasira. Baba alikuwa mwongo. Watoto wa Msambweni walikuwa wamenicheka tangu nikiwa mdogo, nikikimbia muhogo wa kukaanga kwenye sherehe zao kama niliyeona nyoka, na yote ilikuwa kwa ajili ya uongo.

Nikaanza kuula waziwazi, na shangazi hakunikataza, ila kila mara aliniuliza tumbo laonaje. Kisha, msimu wa mvua, nikasikia nisilopasa kusikia. Nilikuwa narudi na ndoo, nikapita nyuma ya ukuta wa jikoni, wao wakipukuchua mahindi ndani. Mzee Rashidi akasema, "Mtoto ni mkubwa. Mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba nilimwona mamake amepita na jembe kwenda mpakani, nami nimekaa nasuka ukili, nikanyamaza?"

"Ulikuwa msichana. Ulidhani ajua."

"Nilidhani ajua," shangazi akasema. "Sote tulidhani ajua. Kila mtu hapa ajua. Na Bakari yuko kaburini."

Niliingia na ndoo kichwani, maji yakinimwagikia mgongoni, nikauliza pale pale: "Bakari ni nani?" Shangazi hakuinua macho kutoka kwenye mahindi. "Kalete kuni," aliniambia. Kuni zilikuwa zimejaa pembeni mpaka darini. Nikaenda nikaleta nyingine, nikazirundika juu ya zile, huku nalia kwa ghadhabu.

Siku iliyofuata aliniamsha tukaenda shamba. Alinipeleka mpaka mwisho kabisa, pale shamba la watu linapoanza, akanisimamisha mbele ya mstari wa mihogo mirefu yenye vikonyo vyekundu. "Huu hauchimbwi kuliwa," alisema. "Huu ni mchungu, una sumu. Twaupanda mpakani kwa ajili ya nguruwe mwitu. Akionja huu, harudi kwa ule wa ndani. Wa kula ni ule wa ndani tu. Umesikia?" Nikasema nimesikia. "Rudia." Nikarudia. Akashusha pumzi, tukarudi nyumbani. Ilinichukua njia nzima kuelewa. Mama ni mtu wa Tiwi, na Tiwi kwao muhogo ni muhogo, mtoto huung'oa akautafuna mbichi akienda pwani. Aliolewa akaletwa Kikoneni, na mwaka wa njaa, ule wa ndani umekwisha, mtoto wake wa kwanza, Bakari, analia, akaona mstari mzima wa mihogo mpakani ambayo hakuna aliyeigusa. Labda aliwashangaa wakwe zake, watu gani hawa wanalala njaa na chakula kimesimama. Akauchimba, akautia nazi nyingi, akampakulia Bakari kwanza, kama mama mwema apasavyo. Yeye akasubiri abakishiwe. Maneno yale ya shangazi, machache vile, ndiyo ambayo mama hakuambiwa, kwa sababu kila mtu alidhani mwingine amemwambia. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Hawakusema lolote kuhusu wale waliokaa na taa zao wakimtazama mwenzao akienda gizani.

Nilirudi Msambweni kwa Idi, nimejaa maneno. Baba alikuwepo, Hamisi yuko kwa jirani na kanzu yake mpya. Mama akaleta pilau, akajitilia, akala, akakaa akitazama ukuta. Nami nilikuwa nikimtazama kwa macho mengine. Hakuwa akifurahia ule wali hata kidogo. Alitafuna kama mtu anayetafuna dawa. Alikuwa akingoja kuona kama kile chakula kitamuua yeye kabla hajatupa sisi. Kila siku, milo yote, tangu tulipozaliwa. Maneno yakanitoka yenyewe: "Mama, mimi nimekula muhogo kwa shangazi."

Bakuli lilimponyoka. Alinifikia kabla sijajua ameinuka, akanishika taya, akanifungua kinywa, akanitazama ulimi, akaninusa pumzi kama ng'ombe anavyomnusa ndama. "Ulichimbwa wapi?" alisema. "Ulichimbwa wapi? Mwanasha, ulichimbwa wapi?" Nikamwambia ulichimbwa ndani, si mpakani, shangazi amenionyesha, najua, mama, najua kila kitu, najua habari ya Bakari. Nilitaraji nini? Nilitaraji atanikumbatia. Nilikuwa mtoto, nilidhani mtu akibeba mzigo mzito ukamwambia umeuona, ataushusha. Mama aliniachia taya. Akaenda jikoni, tukasikia anasugua masufuria aliyokwisha kuyasugua asubuhi, na pilau ikabaki mkekani hadi nzi wakaishughulikia.

Baba alinitoa nje, tukasimama penye ukuta wa choo. Hakunipiga, afadhali angenipiga. "Nilipowahamishia huku," alisema, "watu wangeuliza mbona mkeo hagusi muhogo, mbona mkeo akiuona hutetemeka. Nikasema ni mwiko wetu. Mwiko hauulizwi, mwanangu. Nilimwekea mama yako mwiko asipate mtu wa kumuuliza. Kule kwetu walikwisha kumwita muuaji, na aliyeanza ni mama yangu mzazi. Jina lile yeye hajalitaja tena, nami sijalitaja. Na wewe hutalitaja." Nilimuuliza, "Na sisi? Sisi je, tumjueje mama yetu?" Akaniambia nirudi ndani nikamwombe mama radhi. Ndivyo nilivyoomba radhi kwa kusema kweli.

Kikoneni sikurudi. Mama alikataa, na safari hii baba hakumwambia aseme sababu. Mwalimu akaambiwa nina homa. Homa hiyo ilidumu mpaka mwaka ukaisha, mtihani wa wenzangu ukapita nami nimo jikoni nakuna nazi, na nikarudia darasa Msambweni na watoto wadogo kwangu, ambao waliniita bibi. Mwaka mzima wa maisha yangu ulizikwa pamoja na mtoto ambaye sikuwahi kumwona. Simlaumu yeye, maskini. Nawalaumu watu wazima. Nimeambiwa mara nyingi kwamba baba alifanya vile kwa mapenzi, na mimi mwenyewe nakubali ni mapenzi. Lakini mapenzi gani haya yanayofungiwa ndani mpaka watoto wakayaona ulafi? Neno moja tu lingetosha. "Naonja, wanangu, naogopa." Tungengoja kwa furaha. Tungengoja hadi kesho yake. Badala yake nilikua namwonea mama yangu haya mbele ya watu, na nilipojua sababu nikakatazwa kumwonea huruma.

Nilimuuguza mwaka wake wa mwisho. Nilimnywesha uji, nilimgeuza, nilimwogesha, na siku moja, tukiwa wawili tu na jua limejaa chumbani, nikajaribu mara ya mwisho. "Mama," nikasema, "Bakari alifanana na nani?" Mdomo ukamcheza, nikadhani laja. "Funga mlango," akaniambia. "Baridi yaingia." Nikaenda nikafunga. Akafa bila kuniambia alifanana na nani.

Basi ndiyo sababu nilimfuata Hamisi barazani siku ile ya vitunguu. Nilimwambia khitma hii ataombewa dua mama, ataombewa baba, na ataombewa Bakari kwa jina lake. Akaguna. "Mimi ndiye kifungua mimba wa mama yangu," akasema, kama alivyosema maisha yake yote.

"Wewe ni wa pili, Hamisi."

"Mwanasha, usinianzie mambo ya Kikoneni leo."

Mambo ya Kikoneni. Nilisimama nikamtazama ndevu zake nyeupe. "Wewe wajua?"

"Baba aliniambia kabla hajafa," alisema, akikwepa macho yangu. "Akaniusia nisiyazungumze nawe. Alisema wewe wayachukulia mambo moyoni." Huyu naye! Miaka yote hiyo mimi nikidhani namficha yeye, yeye ananificha mimi kwamba ajua, na mama katikati yetu anatafuna wali wake. Nilicheka, Mungu anisamehe, nikacheka kwa sauti katika nyumba ya msiba, na Bi Tima akaja kuchungulia akidhani nimeshikwa na huzuni.

Siku ya khitma imamu alipouliza majina, Hamisi alitaja mama na baba, akakohoa, akasita. Nikiwa nyuma ya pazia la wanawake nikalitaja mimi la tatu. Imamu alilipokea kama anavyopokea jina lolote, akaendelea. Basi. Hakuna paa lililoanguka.

Kesho yake wageni wamekwisha kuondoka, nilinunua muhogo sokoni, nikaulizia ulikotoka hadi muuzaji akakereka, nikaupika katika jiko la mama kwa nazi mbili. Katika kugawana vitu mimi sikutaka kingine ila ule mwiko mshazari. Mjukuu wangu Zulekha, ambaye hajaanza hata shule, alikuwa amekaa mkekani na mikono ameosha. Nikachota kwa mwiko, nikajitilia, nikala. Ulikuwa mtamu. Nikakaa. Nikatazama ukuta wa makuti, nikatazama kucha zangu, moshi wa chakula ukipungua.

"Bibi," Zulekha akasema, "mbona wala peke yako? Bibi mlafi!"

Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Wangapi nimewapakulia hivi? Wanangu wote wamekula kwangu, wameolewa wamekwenda, na hakuna aliyewahi kuniambia. Bila shaka walidhani najua. Nikauweka mwiko chini, nikamvuta mtoto akakaa karibu nami, nikamsogezea bakuli.

"Mama yangu mimi alikuwa na mtoto kabla yetu," nikamwambia. "Jina lake Bakari. Kula, nami nikusimulie." Nikamsimulia, na muhogo tukaula ungali wa moto.